Venye Unapima Samaki wa Naivasha Ukitoka Nairobi, Bila Kurudi na Hesabu ya Uongo

Sasa, tuseme uko Nairobi na bosi amekutuma, ama wewe ni mwanafunzi unataka kuandika kuhusu uvuvi wa nyavu, ama uko tu kwa kachama fulani mnataka kununulia vijana boti na hamjui kama hiyo pesa itarudi. Vyovyote vile kuna maswali mawili lazima ujibu. Samaki majini wanazidi ama wanapungua? Na watu wanaokula kupitia hao samaki wanaishi aje? Wengi wanajibu moja wanaacha lingine. Wale wa samaki wanarudi na grafu safi sana lakini hazina mtu ndani, wale wa maisha wanarudi na hadithi za kutoa machozi lakini hazina hata kilo moja. Na kuna mahali haya maswali yanakutana, nako ni kwa yule samaki ambaye hakupita kwa mizani. Mshike huyo, nitamrudia.

Nitatumia Naivasha kama mfano kwa sababu ni karibu, kama kilomita 90 hivi, unapanda mathree Nyamakima saa kumi na moja asubuhi na kama hakuna jam unapata boti bado zinashusha. Pia ni uvuvi wa nyavu za kutega, zile watu wa pwani wanaita jarife, wavu unawekwa jioni unainuliwa asubuhi, hesabu yake inaeleweka haraka. Victoria na mbuta na omena zake ni kazi ingine, kubwa kushinda hii.

Anza Gikomba kwanza

Najua unataka kukimbia ziwani moja kwa moja, lakini amka siku moja uende Gikomba mapema kabla jua halijatoka, ukae na wamama wa samaki masaa mawili tu. Nunua hata samaki mmoja usikae hapo kama mtu wa kanjo. Uliza hivi, "Mama, hii ya Naivasha inakujanga siku gani? Inakujanga mingi ama ni ya kubahatisha?" Halafu uliza swali ambalo kwangu ndio dhahabu: samaki wangapi wanaingia kwa kilo.

Huyo mama hana shida na mambo ya sayansi lakini anajua kabisa kama zamani kilo ilikuwa samaki wawili na siku hizi ni wanne, kwa sababu mteja wake anataka samaki wa kujaza sahani na akikosa anaenda kwa jirani. Hiyo peke yake ni kipimo cha urefu wa samaki cha bure kabisa. Andika tarehe, aina ya samaki, wangapi kwa kilo, bei ya kununua na bei ya kuuza.

Sasa bei uichukulie kwa uangalifu. Pale sokoni kuna tilapia wa barafu kutoka China, kuna wa Uganda, kuna wa Victoria, kuna wa mabwawa, wote wanashindana kwa meza moja. Kwa hivyo ukiona bei ya samaki wa Naivasha imeshuka usikimbie kusema "samaki ni wengi ziwani." Inaweza kuwa kontena tu imefunguliwa mahali. Na bei ikipanda pia si ati lazima ziwa limeisha, angalia kama ni Kwaresma kwanza.

Jua historia ya ziwa ndio usidanganyike

Naivasha ni ziwa la ajabu. Karibu samaki wote unaowaona kwa boti ni wageni. Besi aliletwa 1929 kutoka Marekani ndio wazungu wapate wa kuvua kwa ndoano siku ya mapumziko, tilapia aina kadhaa wakaletwa miaka tofauti, na uvuvi wa biashara wa nyavu ukaanza 1959. Kuna samaki mdogo sana aliyekuwa mwenyeji wa kweli wa hapo na mara ya mwisho kuonekana ni 1962. 2001 uvuvi ulifungwa kwa muda kwa sababu samaki walikuwa wameisha vibaya, na karibu na wakati huo ndio akaingia kapi, ile samaki nono ya magamba makubwa yenye sharubu fupi mdomoni, na baada ya miaka kama kumi kapi alikuwa ndio karibu kila kitu kinachotoka kwa wavu. Tilapia wa Nile akarudishwa 2011.

Kwa nini nakusumbua na haya? Kwa sababu mahali pengine unaweza kusema "tunataka ziwa lirudi venye lilikuwa." Hapa uliza, lilikuwa lini? 1928? Hakuna mahali pa kurudi. Kwa hivyo kila aina ya samaki mpime peke yake. Mtu akichanganya kapi na tilapia kwa jumla moja ya kilo, hiyo hesabu imekufa hapo hapo, maana kapi mmoja mkubwa anaweza kuficha kupotea kwa tilapia ishirini.

Halafu maji. 2009 ziwa lilikuwa limekauka vibaya, lakini ikifika 2020 lilikuwa limefurika hadi likaingia nyumba za watu pale Kihoto na miti ya migunga ikabaki imesimama ndani ya maji. Maji yakipanda samaki wanasambaa, wanaingia kwa nyasi na miti penye wavu hauwezi kutandazwa, wavu unashika matawi unapasuka. Mvuvi anapata kidogo lakini si lazima samaki wamepungua. Kwa hivyo kila siku ya kupima, andika pia maji yako wapi, hata kama ni kwa kuchora alama kwa nguzo.

Ruhusa

Pitia haya haraka lakini usiruke. Kama ni utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi, halafu unajulisha ofisi ya uvuvi ya kaunti Nakuru, unapita kwa wale wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa samaki, wako na kituo hapo Naivasha, wana data ya miaka mingi na watakuokolea wiki nzima ukiuliza kwa heshima. Mwisho na muhimu kuliko wote ni BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo. Chairman asipokujua, hata kama una mihuri yote ya serikali, utaambiwa tu kile unataka kuskia. Kaa chini, kunywa chai, eleza unafanya nini na hasa eleza huchukui majina.

Hesabu nyavu, wachana na boti

Hapa ndio watu wanaanguka, na mimi nilianguka kabla yao.

Mara ya kwanza niliandika kilo kwa kila boti. Nikalinganisha na karatasi za zamani nikaona boti inaleta zaidi kidogo kushinda zamani, nikafurahi, nikaandika kwa ripoti kwamba mambo ni shwari. Mzee mmoja pale ufuoni akaniangalia akacheka hadi akashika mgongo. "Kijana, ulihesabu boti. Uliona nyavu ziko ngapi ndani?" Sikuwa nimeona, yaani hata sikuwa nimeangalia.

Chukua mfano wa mkono, namba nimetunga tu za kufundishia. Mwaka wa kwanza boti inaenda na nyavu 10 inaleta kilo 30. Mwaka wa tatu ile boti inaenda na nyavu 25 inaleta kilo 35. Ukihesabu boti, ziwa limeongeza kilo 5. Ukihesabu wavu, umetoka kilo 3 kwa wavu hadi kilo 1.4, yaani zaidi ya nusu imeenda. Mvuvi hakuwa anajificha, alikuwa anaongeza nyavu kila akiona sufuria haijai, mtu yeyote angefanya hivyo. Ziwa likipungua, yeye anaongeza jasho na deni, na jumla ya kilo inabaki pale pale kwa miaka hadi siku moja inaporomoka.

Kwa hivyo kila boti unayopima, kabla hujagusa samaki uliza na uandike:

- nyavu ngapi zilitegwa jana, si ngapi anamiliki
- kila wavu ni urefu gani (pima mmoja kwa hatua kama hajui)
- jicho la wavu ni inchi ngapi, na upime mwenyewe kwa rula, vuta jicho likaze, pima kutoka fundo hadi fundo linaloelekeana nalo upande wa pili wa jicho, usiamini mdomo peke yake
- ni uzi wa kawaida ama ni mono, ile ya uzi mmoja wa plastiki
- ziliingia maji saa ngapi zikatoka saa ngapi
- watu wangapi kwa boti
- alienda upande gani wa ziwa, na usiku huo mwezi ulikuwa aje, wavuvi wengi hawapendi mwezi mpevu wanasema samaki wanaona wavu

Kuhusu mono, ni haramu Kenya, kwa hivyo ukiuliza kama polisi utaambiwa hakuna. Uliza kama mtu wa hesabu, "zile za plastiki zinashika mara ngapi kushinda za kawaida?" utashangaa venye watu wanafunguka. Na kama umeiona, weka alama kwa karatasi yako, usipige picha.

Boti gani upime

Usipime ile inakuja kwako. Boti iliyopata kidogo inarudi mapema, iliyojaa inachelewa kwa sababu kutoa samaki kwa wavu ni kazi, na ile iliyo na vitu haitaki uone inashukia mahali pengine kabisa. Ukifika saa mbili na nusu umepima aina moja tu ya watu.

Fanya hivi. Jioni iliyotangulia andika namba za boti zote zinazotoka, weka kwa vikaratasi, chukua kofia, okota. Kama ni boti 24 na umeokota 6, basi asubuhi unangojea hizo 6 hata kama moja itakuja saa nne. Ukipata wastani wa kilo 28 kwa hizo 6, siku hiyo ufuo ulileta kama kilo 672 (24 mara 28). Kama mwezi huo walienda majini siku 22, unapata kilo 14,784. Siku za kwenda majini usikisie ati mwezi una siku 30, kuna siku za upepo, mazishi, za kushona nyavu, na kuna siku kiboko amekaa pale njia ya boti na hakuna mtu anaenda popote.

Rudia angalau siku nne kwa mwezi, zisikuwe siku zinazofuatana, na ukiweza mwaka mzima. Ndio najua bajeti, lakini mwezi mmoja wa mvua na mwezi mmoja wa kiangazi ni bora kushinda wiki mbili mfululizo za Agosti.

Kupima samaki wenyewe

Tengeneza ubao wa kupimia, mbao na rula ya sentimita imebandikwa, upande mmoja umekingwa ndio pua ya samaki igonge hapo. Pima kutoka pua hadi ncha ya mkia, kila siku hivyo hivyo. Andika sentimita kamili ya chini, 27.8 ni 27, usianze kukadiria. Uzito kwa gramu na mizani ndogo, maana mizani ya kuning'inia ya ufuoni ni ya biashara na ina siasa zake.

Usichague. Mvuvi atakupa wakubwa wapendeze, na wewe pia mkono wako utaenda kwa wakubwa bila kujua. Chota kreti moja yote, pima yote. Samaki 100 hadi 200 wa aina moja kwa mwezi inatosha kuanza.

Na tenga kwa jicho la wavu. Wavu wa inchi 4 haushiki kila mtu. Wadogo wanapita, wakubwa sana wanagonga na kurudi, unashika wa katikati. Kwa hivyo ukichora urefu wa samaki wa inchi 4 utapata kilima kimoja kizuri hapo kati, na hicho kilima ni picha ya wavu kabla hakijakuwa picha ya ziwa. Kama una uwezo omba ruhusa utege nyavu za majicho tofauti tofauti, inchi 2 hadi 6, usiku mmoja mahali pamoja, ndio uone kina nani wako chini ambao wavu wa biashara hauwaonyeshi. Hiyo ni kazi ya kufanya na KMFRI, usiende kutega inchi 2 peke yako, utalala ndani.

Tumbo. Pasua samaki kidogo (nunua hao, ni wako, na jioni ni mboga) uangalie mayai. Kama mayai yanaonekana wazi, ya manjano, yamejaa, huyo amekomaa. Kama ni uzi mwembamba tu huwezi hata kujua ni dume ama jike, bado ni mtoto. Panga kwa urefu, tafuta urefu ambao nusu ya majike wamekomaa. Fanya kazi hii ufuoni kabla samaki hawajatolewa matumbo, ukichelewa dakika ishirini utapata mifupa na magamba. Na tilapia wa Nile usidanganyike ukikosa mayai tumboni, mama anayabeba mdomoni, na akinaswa anayatema, angalia sakafu ya boti.

Ukiwa na hizo namba una maswali matatu, ambayo Rainer Froese, mtaalamu wa samaki kutoka Ujerumani, aliyaweka kwa lugha rahisi 2004, na mimi naona yanatosha kwa mtu ambaye hana kompyuta ya maana. Kati ya samaki waliovuliwa, wangapi walikuwa wamepata nafasi ya kuzaa? Lengo ni wote. Wangapi wako karibu na ule urefu wenye faida zaidi, ambao kwa haraka haraka ni kama theluthi mbili ya urefu mkubwa kabisa samaki wa aina hiyo angefikia? Lengo hapa pia ni karibu wote. Na tatu, wale mabibi wakubwa wa kuzaa mayai mengi, wanavuliwa ama wanaachwa? Mfano, samaki mkubwa zaidi umeona ni sentimita 47.5, gawa kwa 0.95 unapata 50, theluthi mbili yake ni 33. Kama nusu ya majike wanakomaa wakifika 28 na kreti yako imejaa 22 na 23, hauhitaji profesa.

Kitu kingine cha dakika moja ni kuona kama samaki ameshiba. Chukua uzito kwa gramu, zidisha kwa 100, gawa kwa urefu mara urefu mara urefu. Tilapia wa sentimita 25 na gramu 300 anakupa 1.92. Namba yenyewe haimaanishi mengi peke yake, lakini ikishuka mwezi baada ya mwezi kwa urefu ule ule, samaki wanakonda, na shida inaweza kuwa chakula na maji, wavu hauhusiki.

Samaki ambaye hakupita kwa mizani

Tumefika. Kwa kila kilo iliyoandikwa kwa kitabu cha BMU kuna nyingine haikuandikwa. Mvuvi ametoa wawili wa nyumbani. Ametoa mmoja wa yule kijana alisaidia kuvuta boti. Fundi wa kushona nyavu amelipwa kwa samaki. Wale wadogo wa haramu wameshukia kwa matete. Kuna watu pia wanaingia majini kwa miguu, bila boti, bila leseni, maji hadi kifuani na viboko wako hapo, na samaki wao hawajawahi kuona mizani maisha yao yote.

Ukiacha hawa, makosa yanaenda pande mbili kwa wakati mmoja. Kwa upande wa samaki unasema ziwa linavuliwa kidogo kuliko ukweli. Kwa upande wa maisha unasema familia ni maskini kuliko ukweli, kwa sababu yule wa nyumbani ni chakula cha watoto na haukumhesabu popote. Ni samaki yule mmoja, ameharibu karatasi zako zote mbili.

Kumpata ni kazi ya subira. Kwanza kaa ufuoni kabla ya mizani, uhesabu kwa macho wanaotoka kando. Pili fuata wanaokaanga. Tembea Karagita ama Kamere jioni, nunua samaki wadogo wa kukaanga kwa vibanda, upime. Wamepungua kidogo kwa mafuta, lakini ukiona meza imejaa samaki wa sentimita 15 na kitabu cha ufuo kinasema hakuna chini ya 25, umeshajibiwa. Tatu, uliza nyumbani badala ya ufuoni, na uliza kuhusu sufuria: "Jana mlikula nini? Samaki alitoka wapi?" Mama wa nyumba hana sababu ya kukuficha chakula cha jioni.

Halafu peleka hiyo kwa hesabu. Kama kwa boti 6 umeona wastani wa kilo 4 zinatoka kando na kilo 28 zinapimwa, basi boti inavua 32, na ile jumla yako ya mwezi inapanda kwa sehemu moja kwa saba. Wale wa miguu wahesabu peke yao, watu wangapi asubuhi, mfuko mmoja una kilo ngapi.

Tafadhali usigeuke askari. Usiandike jina, usitaje kichaka gani, usiweke ramani ya penye watu wanashukia. Ukifanya hivyo mara moja hakuna mtu atakuambia ukweli tena, na atakayekuja baada yako ataadhibiwa kwa makosa yako.

Maisha: uliza jana, usiulize "kwa kawaida"

Ukimuuliza mvuvi "kwa kawaida unapata pesa ngapi" atakuambia siku yake bora ama siku yake mbaya, inategemea anadhani umebeba msaada ama kodi. Uliza jana. Halafu juzi. Halafu mara ya mwisho ulirudi mikono mitupu ilikuwa lini.

Fuata shilingi. Tena namba za kutunga. Boti imeleta kilo 35 kwa bob 150, ni 5,250. Chai, mandazi na vitu vidogo 450, inabaki 4,800. Mwenye boti na nyavu anachukua nusu, 2,400. Nusu ingine wanagawana vijana watatu, 800 kila mmoja. Kijana akienda majini usiku 18 kwa mwezi ni 14,400, kabla ya usiku wa kurudi bila kitu. Sasa mwenye boti kwa karatasi anaonekana tajiri, lakini yeye ndio ananunua nyavu, na kiboko mmoja akipita kwa nyavu usiku mmoja faida ya miezi imeenda. Kwa hivyo usiseme "mvuvi anapata." Mvuvi gani? Mwenye boti, kijana wa makasia, mwenye nyavu bila boti, mama anayenunua ufuoni, mama anayekaanga, broka wa pikapu ya Nairobi. Tenga meza zao. Wamama hasa wanasahaulika kwa sababu hawaingii majini, na ukiangalia ni wao wanaobeba hasara samaki wakioza.

Deni ndio swali zito. Nani alikununulia nyavu? Mara nyingi ni yule yule anayenunua samaki, na hapo bei si bei tena, ni masharti. Mtu ambaye lazima auze kwa fulani kwa sababu ana nyavu zake, ukimwambia aache inchi 3 atumie inchi 4 anakuskia vizuri sana na hawezi. Uliza pia chama, uliza mkopo wa simu, uliza karo inalipwa na nani mwezi ambao ziwa limefungwa.

Na uliza kazi zingine. Naivasha kuna mashamba ya maua, kuna boda, kuna mjengo, kuna watalii wa kupelekwa na boti. Mtu akikosa kibarua cha maua anaenda majini. Kwa hivyo idadi ya wavuvi inaweza kupanda bila samaki kuongezeka hata mmoja, na ukiona nyavu nyingi ghafla usiangalie ziwa pekee, uliza nani alipigwa kalamu mwezi uliopita.

Kukumbusha wazee miaka, usiseme "mwaka wa 2001," sema "ule mwaka ziwa lilifungwa, ulikuwa unafanya nini? Nyavu ngapi?" Halafu "ule mwaka kapi walianza kuonekana?" Halafu "ule mwaka maji yaliingia Kihoto?" Kumbukumbu inashika matukio. Waulize wazee watatu, kila mtu peke yake, ndio ulinganishe, maana wakiwa pamoja anaongea yule mwenye sauti.

Kuweka pande mbili pamoja

Tandika karatasi sakafuni, miezi upande mmoja. Kilo kwa wavu. Asilimia ya waliokomaa. Samaki wangapi kwa kilo Gikomba. Pesa ya kijana wa makasia kwa usiku. Siku ambazo nyumba ilikula samaki wake yenyewe.

Kilo kwa wavu ikishuka na urefu ukishuka pamoja, hiyo ni kuvuliwa kupita kiasi, karibu hakuna ubishi. Kilo kwa wavu ikishuka lakini urefu uko pale pale na maji yamepanda, ngoja msimu mmoja kabla hujapiga kelele. Kilo ikiwa sawa lakini pesa ya kijana inashuka, tatizo liko kwa deni ama kwa kontena ya barafu, na kufunga ziwa hapo ni kumchapa mtu aliyeibiwa. Na ukiona nyumba imeacha kula samaki wake, inauza wote, shtuka mapema, kwa maoni yangu hiyo hutangulia grafu zingine zote, lakini ni lazima uwe uliuliza kuhusu sufuria tangu mwanzo.

Kabla ripoti haijafika ofisi yoyote Nairobi, rudi ufuoni nayo. Siku ya mkutano wa BMU, soma namba kwa Kiswahili cha kawaida, kwa sauti, uwaache wabishane. Mimi yule mzee aliyenicheka nilimrudishia meza mpya, ya nyavu safari hii. Aliisoma yote, akatoa kalamu kwa mfuko, akasahihisha urefu wa wavu kwa boti mbili, halafu akaniuliza mbona sijaandika wale wa miguu. Ilibidi nirudi tena Jumanne.